Mafuriko yakiingia mjini, mpangaji anaandikwa wapi? (Uzi mrefu, vuta kiti)

BintiBonde (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Jambo hili ninalo moyoni tangu Desemba 2011, na kila mvua za masika zikianza linarudi. Juzi nilimsikia mtangazaji redioni akisema nyumba kadhaa zimebomoka na "wenye nyumba wanaomba msaada". Nikamuuliza mume wangu, na waliokuwa wamelala humo ndani? Akacheka: "Si ndio hao hao."

Sio hao hao. Ndiyo maana nimefungua uzi.

Mwaka ule nilikuwa na miaka 24, nimepanga chumba kimoja bondeni upande wa mto Msimbazi. Nyumba ya vyumba sita. Mzee mwenye nyumba na familia yake viwili, sisi wapangaji vinne. Kodi ya miezi sita kwa mkupuo, na mimi nilikuwa nimelipa Novemba, yaani hata harufu ya zile noti ilikuwa haijanitoka mkononi. Jumanne ya tarehe 20 Desemba, siku kumi na moja tu baada ya nchi kusherehekea miaka 50 ya uhuru, ikanyesha mvua ambayo watu wa hali ya hewa walisema haijapata kuonekana Dar tangu 1954. Alfajiri maji yako kwenye vifundo vya miguu. Saa nne yako dirishani. Tulikaa juu ya bati na kuku wa jirani. Siku zile mjini walikufa watu zaidi ya 40, kwa hiyo aliyetoka na kandambili moja alijiona tajiri.

Tukapelekwa shuleni. Mtaa na shule sivitaji, baadhi ya wahusika bado ni majirani zangu. Shule zilikuwa zimefungwa kwa likizo, ndiyo maana zilitufaa, na Januari zinafunguliwa, ndiyo maana muda si mrefu tukaanza kutazamwa kama wageni waliosahau kuaga.

Siku ya tatu akaja kijana na kaunta buku. Swali lake la kwanza halikuwa "wewe nani?" Lilikuwa "nyumba ya nani?" Nikataja jina la mzee. Aliyefuata kwenye foleni, mpangaji mwenzangu wa chumba cha uani, naye akataja jina la mzee. Yule kijana akachoka, akaandika mara moja: jina la mzee, watu 17, kaya moja. Jioni mzee akaitwa, akapewa mablanketi mawili, ndoo, sufuria na kipande cha sabuni. Kwa watu 17. Simlaumu, ana wajukuu, angetugawia nini? Baadaye waliokuwa na majina wakaitwa kwenda kuonyeshwa viwanja. Mimi nilirudi mtaani na mfuko wa rambo.

Jambo la pili ni usiku. Darasani tulilala zaidi ya 60, wanaume, wanawake, vichanga, wazee. Choo kiko ng'ambo ya uwanja, hakina taa wala komeo. Wanawake tulianza kuacha kunywa maji kuanzia saa kumi jioni ili tusitoke usiku. Halikuwa agizo la mtu. Tulijikuta tu wote tunafanya hivyo. Kulikuwa na binti wa kama miaka 13 aliyetenganishwa na mama yake kwenye maji, na kila siku alitokea mtu tofauti akidai ni shangazi yake. Aliyemlinda binti yule hakuwa askari wala mtu wa shirika. Ni mama mmoja muuza mihogo aliyemfunga mkono wake kwa kitenge usiku kucha.

Swali langu, wadau: mji huu watu wengi wanakaa vyumba vya kupanga. Kwa nini likija janga tunahesabu mapaa badala ya watu waliokuwa chini yake?

Nawasilisha.

Kikokotoo77

Pole sana dada, lakini tuambiane ukweli. Bondeni mlijua ni bondeni. Mto ulikuwepo kabla yenu. Kila mwaka mnaambiwa hameni, hamhami, maji yakija mnataka na viwanja. Tena wapangaji! Mwenye nyumba angalau kapoteza mali. Mpangaji kapoteza godoro. Ukianza kuwapa wapangaji viwanja, mwakani nusu ya Dar itapanga bondeni Jangwani isubiri mvua.

Mzaramo Halisi

> Kikokotoo77 aliandika: Bondeni mlijua ni bondeni.

Mkuu, karakana ya mabasi ya mwendokasi ilijengwa wapi? Jangwani. Lini? Baada ya mafuriko hayo ya 2011. Maji yakaifuata humo humo, mabasi yakaoga. Wenye digrii na ramani walishindwa kuuona mto, muuza mihogo ndiye alaumiwe?

chausiku_tz

Uzi mtamu, naweka kambi hapa.

Mzaramo Halisi

Weka, ila kagua kwanza kama choo kina komeo.

Babu Vyumba Nane

Mimi ndiye mnayemsema. Nina nyumba ya vyumba nane huko Kigogo, niliijenga kwa kiinua mgongo. Mnaongea kama kwamba mwenye nyumba amekalia gunia la pesa. Kodi ya miezi sita aliyonipa mpangaji nimeshanunua mabati na kulipia ada ya mjukuu. Maji yakiingia mwezi wa pili, anataka nimrudishie ya miezi minne. Nimtolee wapi, nami nimelala juu ya meza?

Ila mtoa mada kanigusa kwenye kaunta buku. Ni kweli. Mwenyekiti wa mtaa akipita anauliza "mzee, kwako mko wangapi?" Mimi najibu tu "kama ishirini".

Mwana Birere

Bandugu, mimi niko wa Goma, Kongo. Mutanisamehe Kiswahili yangu ya kule, nitajikaza niandike kama nyinyi.

Sisi janga letu si maji, ni moto. Tarehe 17 Januari 2002 nilikuwa na miaka kumi. Volkano ya Nyiragongo ilipasuka ubavuni, lava ikashuka mpaka katikati ya mji, ikafunika sehemu ya uwanja wa ndege, ikaingia Ziwa Kivu. Watu mia tatu elfu na zaidi walikimbilia Gisenyi, Rwanda. Wakubwa wa dunia wakaanza kupanga kambi ng'ambo. Sisi hatukungoja. Baada ya siku chache watu walikuwa wanarudi, wanapita juu ya lava iliyoganda juu na bado moto chini, viatu vinanuka. Mama yangu alisema afadhali nife njaa mbele ya mlango wangu. Mlango wenyewe haukuwepo tena.

Watu karibu 120,000 walibaki bila nyumba. Na hapa kuna tofauti na nyinyi: maji yanaondoka, lava haiondoki. Kiwanja chako kiko mita mbili chini ya jiwe. Mpaka wako na jirani uko wapi? Avenyu ilipita wapi? Baba na wazee wenzake walikuwa wanapima kwa hatua kutoka kwenye pembe ya kanisa, wanagombana, wanaanza tena. Mashirika walitoa mbao, mabati na shitingi, hiyo nyinyi mnaita turubai. Tulisimamisha fremu ya mbao juu ya jiwe, kuta za shitingi, kisha kila mwezi ukipata hela unatoa kipande cha shitingi unaweka ubao. Ile ilikuwa akili nzuri, maana hema huwezi kuipiga kigingi ndani ya lava. Lakini mbao hizo zilikwenda kwa mwenye parcelle, yaani kiwanja. Mpangaji alisaidia kubeba.

Halafu 2021. Tarehe 22 Mei, Jumamosi jioni, mbingu ikawa nyekundu. Lava ilisimama pale Buhene, mlangoni mwa mji. Ikaunguza nyumba elfu kadhaa upande wa Nyiragongo, na ikaharibu tangi la maji la Bushara, sehemu kubwa ya mji ikabaki bila maji. Ardhi haikutulia, kila nusu saa inatetemeka, vikombe vinacheza mezani. Tarehe 27 Mei alfajiri gavana wa kijeshi, Constant Ndima, akatangaza kwamba kartie (nyinyi mnaita mitaa) 10 kati ya 18 za Goma zitoke, kwa sababu magma imeonekana chini ya mji na chini ya ziwa. Na ziwa letu lina gesi ndani yake, kila mtoto wa Goma anajua. Watu karibu 400,000 siku moja! Wengine Rutshuru, wengine Gisenyi, wengine mashua ya Bukavu, sisi barabara ya Sake kwa mguu, kilomita 25 na kidogo, mke wangu ana mimba ya miezi saba.

UNICEF walisema baada ya usiku ule wa kwanza watoto zaidi ya 150 walikuwa wametenganishwa na wazazi, na zaidi ya 170 waliogopwa kuwa wamepotea. Binti wa shuleni wa dada BintiBonde, mzidishe mara mia. Pale Sake niliona kijana wa Msalaba Mwekundu na kipaza sauti anasoma majina ya watoto: "huyu anajiita hivi, mama yake anauza makala (mkaa), avenyu hajui." Mtoto wa miaka minne anajua mama anaitwa Mama, basi. Toka siku ile watoto wangu wote nimewafundisha jina langu lote na la nyumbakumi wetu, kama wimbo.

Wengi wetu hatukulala kambini. Tulilala kwa watu. Mama mmoja wa Sake alitupokea, mimi na mke na familia zingine tatu, tukawa watu 23 ndani ya vyumba viwili. Hatukuwa ndugu yake. Wagawaji walipokuja waliandika waliolala kanisani na shuleni, maana hao wanaonekana. Sisi wa ndani ya nyumba hatukuonekana, na yule mama hakuonekana kabisa, kwa sababu nyumba yake ni nzima! Maharage yake ya msimu tuliyamaliza kwa siku tisa. Serikali ilitangaza ruhusa ya kurudi tarehe 7 Juni. Alipotuaga alikuwa ananunua unga kwa kilo.

Bwana Kikokotoo anauliza kwa nini mtu anakaa karibu na hatari. Ndugu, mlima uko kilomita kama 15 kutoka mjini na soko liko hapa. Ungekaa wapi?

Kikokotoo77

Hapo kwa yule mama wa Sake umenipiga. Sikuwahi kumfikiria mwenyeji.

Ila hoja yangu haijafa. Pesa haitoshi kwa wote. Lazima uanze na mtu mmoja.

Karani wa Turubai

Nimefanya kazi ya ugawaji miaka kadhaa, nchi mbili. Mimi ndiye yule kijana wa kaunta buku, si wa shule ile lakini wa aina ile. Ngoja niseme upande wa ndani.

Unapelekwa shuleni saa nne asubuhi na vifaa vya kaya 200, unakuta watu elfu mbili. Bosi anataka orodha jioni. Nyumba ni rahisi kuhesabu, haikimbii, haina mabinamu wanaotokea mchana. Kwa hiyo unahesabu nyumba. Si ubaya wa moyo, ni uvivu wa fomu. Fomu nyingi tulizotumia zilitungwa kwa ajili ya vijiji, ambako nyumba moja ni familia moja. Ukiipeleka fomu ile Manzese, kwenye vyumba vya kupanga, inasema uongo kuanzia mstari wa kwanza.

Kuhusu darasa la watu 60. Viwango vya kibinadamu vya Sphere, ambavyo mashirika ya misaada hujipimia, vinataka mita za mraba 3.5 zilizofunikwa kwa kila mtu, angalau. Darasa la mita 7 kwa 9 ni mita 63. Gawanya: watu 18. Choo kimoja kwa watu 20, na vya wanawake viwe mara tatu ya vya wanaume, vyenye taa na komeo la ndani. Komeo la ndani ni bei ya soda mbili. Nimeshuhudia mkutano wa saa tatu kuhusu "ulinzi" na hakuna aliyenunua komeo. Neno lenyewe linawachanganya watu, wanadhani ni askari. Ulinzi kwenye kazi hii ni mtu aliyekwisha kuumia asiumizwe tena: mtoto asichukuliwe na shangazi wa uongo, mama asiombwe mwili ili aandikwe jina, mlemavu asisahauliwe ghorofani, mjane asinyang'anywe haki kwa kuwa karatasi zimeloa.

Kikokotoo, hakuna anayesema mpangaji apewe kiwanja. Mpangaji hahitaji kiwanja. Anahitaji chumba. Tazama Haiti. Tetemeko la tarehe 12 Januari 2010, ukubwa wa 7.0, karibu na Port-au-Prince. Watu wapatao milioni moja na nusu wakawa kambini, kwenye viwanja vya michezo, bustani, hata mbele ya Ikulu. Miezi ikapita, kambi hazipungui. Wakajenga nyumba za muda kwa wenye ardhi, kambi bado. Mwisho wakakubali kuona kilichokuwa mbele ya macho: waliobaki wengi wao walikuwa wapangaji, na wapangaji huwezi kuwajengea kwa sababu hawana pa kujengewa. Ukaja mpango wa kuwalipia kodi. Familia inatafuta chumba yenyewe, mtu anaenda kukikagua kama ni salama, inapewa dola 500 za kodi ya mwaka mzima. Kule nako kodi hulipwa kwa mkupuo, kama Dar. Ukipatana na mwenye nyumba kwa bei ya chini, chenji ni yako, anzia biashara. Kambi zikaanza kufungika.

Haukuwa mpango mtamu kila mahali. Wenye nyumba walisikia 500, ghafla kila chumba kikawa 500. Na mwaka ukiisha, mwaka umeisha.

Jambo moja zaidi. Kanuni za Benki ya Dunia za kuhamisha watu kupisha miradi, kama huu mradi wa Bonde la Msimbazi uliopewa dola milioni 200 mwaka 2022, zinamtambua hata asiye na hati. Hata fidia zetu za ardhi zina posho ya makazi, kodi ya soko mara miezi 36, ingawa anahesabiwa mwenye nyumba. Yaani tukihamishwa na mradi tuna hesabu. Tukihamishwa na mto tunabaki na kaunta buku.

BintiBonde

> Karani wa Turubai aliandika: mama asiombwe mwili ili aandikwe jina

Asante kwa kulisema wewe. Mimi nililiruka makusudi.

Jirani wa Mathare

Nawasalimu kutoka Nairobi. Huku kwetu hiyo stori ya mpangaji ndiyo stori yote, kwa sababu Mathare karibu kila mtu ni mpangaji. Mwenye struktura, yaani mwenye nyumba, anaishi kwingine, pengine hajawahi kulala hata usiku mmoja hapa.

Usiku wa kuamkia 24 Aprili 2024 mto ulipanda ukaingia kwa laini yetu, yaani mstari wetu wa vyumba. Mimi niliokoa TV na cheti cha kuzaliwa cha mtoto, nikaacha gesi. Wiki hizo kukatoka amri kwamba walio ndani ya mita 30 kutoka mtoni wahame, na tingatinga zikaja Mei. Sasa mita 30 unapimia wapi? Kutoka ukingo wa mto wa Januari ama wa Aprili? Sheria zenyewe hazikubaliani. Mama mmoja alikuwa amebakishwa na maji, tingatinga ikammaliza.

Rais alikuja akaahidi shilingi 10,000 kwa kila kaya ya kutafuta keja, yaani chumba, nyingine. Sikatai, 10,000 huku ni pesa. Lakini hebu tuulizane pole pole: kaya ni nani? Vijana watatu wanaogawana rent ya 3,500, hiyo ni kaya moja ama tatu? Na pesa inaingia kwa namba ya nani? Jirani yangu mume wake ndiye mwenye laini ya simu iliyosajiliwa. Mume amehamia Kayole na mwanamke mwingine tangu 2022. Kwa karatasi, kaya yake ni mume.

Wenyewe tulifanya hivi: wamama wa chama chetu walichora ramani ya laini kwa karatasi ya unga, mlango kwa mlango, kila mlango majina, umri, nani ana mimba, nani anatumia dawa za kila siku. Watu wa msaada walipofika tukawapa ile karatasi. Mmoja wao akapiga picha akasema ni bora kuliko yao. Chifu hakufurahi sana, lakini hiyo ni stori ya siku nyingine.

chausiku_tz

Hiyo karatasi ya unga ndiyo sensa.

Fundi wa Tabata

Mmeongea mambo ya watu, mimi niongee turubai, maana nimeona yanavyofungwa nikalia.

Turubai la msaada la kawaida ni mita 4 kwa 6. Msilipigilie misumari mikavu, upepo wa usiku mmoja unalipasua kuanzia kwenye tundu. Okoteni vizibo vya soda, toboa kizibo, pitisha msumari, kizibo kishike turubai. Kona kunjeni mara mbili juu ya kipande cha ubao. Msililaze bapa, maji yatatuama katikati na kuwaangukia. Mjini hakuna pa kuchimba nguzo, kote lami na zege, basi simamisha nguzo ndani ya ndoo na ujaze kokoto na saruji kidogo, au funga kamba kwenye madumu ya mchanga. Jua letu likilipiga mwaka mmoja au miwili limekwisha, msimwambie mtu hiyo ni nyumba.

Kurudi ndani baada ya maji: kwanza umeme. Zima mein swichi kabla hujakanyaga, wala usishike mita ya LUKU iliyoloa. Kisha jaribu mlango. Mlango uliokuwa unafunga vizuri na sasa unakwama ni nyumba inayokuambia kitu. Ufa wa mshazari kutoka kona ya dirisha, toka nje. Ukuta wa udongo ulioloa unaweza kuonekana mzima, kisha ukaanguka baadaye, hata ukianza kukauka, na watu wakati huo wameshalala. Haiti kama sikosei nyumba zilipakwa rangi baada ya kukaguliwa.

Karani wa Turubai

Hukosei fundi. Kijani, njano, nyekundu, wahandisi walikagua nyumba kama laki nne. Zaidi ya nusu zilikuwa kijani, yaani salama kuingia. Na watu waliendelea kulala nje kwa miezi, wengine kwa woga wa zege, wengine kwa sababu mwenye nyumba wa kijani alikuwa anadai kodi ya nyuma.

Kikokotoo77

Sawa. Narekebisha kauli. Nilifikiri mnadai viwanja. Kumlipia mtu kodi ya miezi mitatu mtaa wa juu, karibu na kibarua chake, ni rahisi kuliko kumpa kiwanja Mabwepande. Waliopelekwa kule 2012 ni zaidi ya kilomita 30 kutoka Kariakoo. Nauli ya kwenda na kurudi ilimeza faida ya nyanya. Wengi wakauza, wakarudi bondeni, nasi tukawaita wakaidi. Mimi nilikuwa mmoja wa walioita.

Ila bado sijajibiwa swali moja. Nani anathibitisha kwamba huyu kweli alikuwa mpangaji? Mikataba wengi hatuna. Kesho watakuja mia tano.

BintiBonde

Mkuu, mimi ningethibitishwa na watu watano bila karatasi. Muuza genge aliyenikopesha mafuta. Wapangaji wenzangu. Mama wa kikoba. Aliyenijazia maji kwa mkokoteni. Na mzee mwenyewe. Tatizo hakuna aliyewauliza.

Mlioniuliza inbox kuhusu binti: mama yake alipatikana siku ya sita, alikuwa kambi nyingine ng'ambo ya bonde akisoma majina ukutani kila asubuhi. Binti hakuwemo kwenye karatasi yoyote kwa sababu alikuwa mgeni, amekuja likizo na mama yake kwa shangazi yake, tena shangazi wa kweli ambaye naye alikuwa mpangaji. Waliunganishwa na kondakta wa daladala.

Mimi kodi yangu haikurudi. Mzee alifariki 2017, nilikwenda msibani. Mkewe alinishika mkono akasema, "Mwanangu, yale mablanketi nilikuwekea moja." Miaka sita amelitunza kabatini. Ninalo mpaka leo, jembamba kama leso.

Mwana Birere

Dada, hilo blanketi usiligawe.

Babu Vyumba Nane

Nimesoma uzi wote jana usiku, wajukuu wakadhani naumwa.

Leo asubuhi nimechukua daftari la mjukuu, nikaanza kuandika mlango kwa mlango kama wale akina mama wa Mathare. Chumba cha kwanza mimi na bibi yenu. Cha pili wajukuu wanne. Cha tatu kijana wa bodaboda, jina lote ninalijua, na namba ya kaka yake Singida ninayo. Cha nne mke na mume na mtoto mchanga. Cha sita mwalimu. Cha saba wasichana wawili wa saluni. Cha nane stoo, ila kuna mlinzi analala humo mchana.

Cha tano nikakwama. Yule mama amepanga kwangu mwaka wa sita sasa. Ananiletea chips kila Ijumaa. Namwita Mama Chips, mtaa mzima unamwita Mama Chips. Jina lake silijui, wala kwao sikujui. Amekwenda Ilala kufuata viazi, akirudi jioni nitamuuliza.